Natasha Trethewey, mtunga-mashairi wa Mississippi

Wengi kati yetu tunajua mashairi kwa njia moja tu: profesa anaandika shairi ku tablo, tunalikopia, tunalishika kichwani, na juma linalofuata tunalisema mbele ya darasa bila kupumua. Mtihani ukipita, tunalisahau. Na karibu kila mara yule aliyelitunga ni Mfaransa aliyekufa zamani sana. Safari hii tumependa kuwaletea habari za mtunga-mashairi ambaye angali hai, mwanamke, mama yake mweusi na baba yake mzungu. Mashairi yake mengi hayasemi juu ya mwezi na maua. Yanasema juu ya watu waliokufa, na ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao fasi yoyote. Mwanamke huyo anaitwa Natasha Trethewey.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1966 katika mji wa Gulfport, kando ya bahari, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mushike ile tarehe, kwa sababu yeye mwenyewe anairudilia mara nyingi. Siku ile wazungu wa kule walikuwa wakikumbuka askari wao waliokufa katika vita vya 1861 mpaka 1865, na ilikuwa imetimia miaka 100 kamili tangu ukumbusho ule uanze. Mbele ya kuendelea, tueleze kidogo vita hivyo, kwani bila hivyo mashairi yake hayasikilikani. Majimbo 11 ya kusini yalijitenga na majimbo mengine ya Marekani kusudi yaendelee kuwa na watumwa. Yakapigana miaka minne, yakashindwa, na watumwa wakapata uhuru. Lakini ni wale walioshindwa ndio waliojengewa sanamu na mawe ya ukumbusho kila fasi kule kusini. Kwa kawaida tunasikia kwamba historia inaandikwa na washindi. Huku haikuwa hivyo.

Basi, mtoto Natasha alizaliwa katika mji ambamo bendera za wale waliopigania utumwa zilikuwa zinapepea barabarani. Tena, ndoa ya wazazi wake ilikuwa kosa mbele ya sheria ya jimbo lile. Mama yake, Gwendolyn Ann Turnbough, alikuwa mweusi wa Mississippi. Baba yake, Eric Trethewey, alikuwa mzungu kutoka Kanada, naye pia mtunga-mashairi. Walijuana shuleni, katika koleji moja ya jimbo la Kentucky. Kentucky ilikataza mweusi na mzungu kuoana, Mississippi vilevile. Kwa hiyo mwaka 1965 walivuka mto Ohio, wakaoana katika mji wa Cincinnati, ng'ambo ya pili, ambako sheria iliruhusu. Ni tarehe 12 Juni 1967 tu ndipo tribinali kubwa ya Marekani ilivunja sheria hizo zote. Natasha alikuwa amekwisha kutimiza mwaka mmoja. Katika karatasi yake ya kuzaliwa, karani aliandika kwamba mama ni wa rangi, yaani mweusi. Kwa rangi ya baba akaandika kwamba ni wa Kanada. Kama vile Kanada ni rangi ya ngozi! Mtu anaweza kucheka, lakini yule karani hakuwa anafanya mchezo. Alikuwa anatafuta namna ya kuandika jambo ambalo sheria yake ilisema haliwezi kuwako.

Jamaa ilikaa kwa nyanya yake, mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kubwa, na ng'ambo ya barabara kulikuwa kanisa la Wabatisti weusi. Wakati ule kanisa lile lilikuwa likisaidia watu weusi wajiandikishe kusudi wapate kupiga kura. Usiku mmoja watu waliojifunika mavazi meupe, wa kikundi kinachoitwa Ku Klux Klan, walikuja wakasimamisha msalaba karibu na nyumba na kuuchoma moto. Ilikuwa ni desturi yao ya kutisha watu. Je, walikuja juu ya kanisa, ao juu ya mzungu aliyeoa mweusi? Jamaa haikujua kamwe. Asubuhi hakuna polisi aliyefuata habari. Baada ya miaka mingi Trethewey alitunga shairi juu ya usiku ule, linaloitwa "Incident", maana yake tukio, kama vile polisi wanavyoandika katika kitabu chao wakitaka jambo lionekane dogo.

Hapa tunaomba wasomaji wavumilie kidogo, kwani tunataka kueleza namna shairi lile lilivyojengwa. Kila ubeti una mistari minne. Mstari wa pili na wa nne wa ubeti mmoja unakuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, na hivyo mpaka mwisho. Ni namna ya zamani iliyotoka kwa Wamalai. Kwa hiyo kila jambo linasemwa mara mbili, lakini mara ya pili limekaa karibu na maneno mengine, na linaanza kuwa na uzito mwingine. Juu ya nini alichagua namna hiyo? Kwa sababu ndivyo jamaa inavyosimulia hofu yake. Mnaikaa jioni, mzee anaanza: siku ile tulizima taa... Mwaka mwingine anasimulia tena, maneno ni yale yale, lakini wewe umekua, unasikia kitu ambacho hukukisikia mbele. Mtu akituuliza umbo la shairi lina kazi gani, tutamuonyesha hilo. Si pambo.

Wazazi waliachana Natasha angali mdogo. Mama akahama naye kwenda Atlanta, katika jimbo la Georgia, akaendelea na masomo yake, akawa mwenye diplome ya juu katika kazi ya kusaidia watu. Huko shuleni, mtoto alitunga mashairi juu ya Martin Luther King, na mwenye kutunza maktaba ya shule akayashona yakawa kitabu, akakiweka katika rafu pamoja na vitabu vingine. Wandugu wanafunzi, tunajua kwamba kuko walimu kati yetu wanaosoma ukurasa huu. Tunaliacha jambo hili hapa bila kuongeza neno!

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Mama aliolewa tena, na yule mume wa pili alikuwa mkali, anampiga mama, na mtoto naye anamtesa kwa maneno wakati mama yuko kazini. Natasha alikuwa na daftari la siri lenye kufuli kidogo, zawadi ya mama. Siku moja akakuta kufuli imevunjwa: baba wa kambo alikuwa analisoma. Mtoto mwingine angeacha kuandika. Yeye aliendelea, lakini tangu siku ile akaandika kwa kumsemesha yule mtu: ninajua kama unasoma, na haya ndiyo ninayofikiri juu yako. Yule mtu hakusema kitu, kwani angesema, angeungama kwamba ni mwizi wa daftari. Trethewey anasema kwamba pale ndipo alipoanza kuandika kwa msomaji. Sisi tunaona kwamba jambo hilo linaeleza mengi juu ya kazi yake yote. Tangu utoto, kuandika kwake hakukuwa kujificha, kulikuwa kusimama mbele ya mwenye nguvu.

Mama alipata ujasiri, akavunja ndoa. Kisha yule mtu akaanza kumfuata. Jioni moja alifika hata kwenye mchezo wa mpira wa shule ya Natasha, akakaa kati ya watazamaji. Msichana alimwona, akamsalimu kwa mkono, akatabasamu, kwa adabu tu, ao kwa hofu. Nyuma ilijulikana kwamba yule mtu alikuwa amekuja na bunduki kusudi amuue, apate kumuumiza mama, na salamu ile ndiyo iliyomzuia. Mwaka 1984 alijaribu kumuua mama, akafungwa. Akatoka. Tarehe 5 Juni 1985 alimpiga mama risasi, akafa. Mama alikuwa na miaka 40. Natasha alikuwa na 19, amemaliza mwaka wake wa kwanza wa universite.

Barabara ambapo mama alikaa inaitwa Memorial Drive, maana yake Barabara ya Ukumbusho. Inatoka katikati ya Atlanta na kuelekea kwenye mlima mmoja wa jiwe tupu unaoitwa Stone Mountain. Na katika ubavu wa mlima ule kumechongwa sanamu kubwa sana za wakubwa watatu wa wale waliopigania utumwa, wamepanda farasi: Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson. Kazi ya kuzichonga ilimalizika mwaka 1972. Mtunga riwaya angeweka jambo kama hilo katika kitabu chake, tungesema amezidisha. Wakubwa wa jeshi lililoshindwa wana mlima mzima. Gwendolyn Turnbough alizikwa Gulfport, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na hata jiwe moja lenye jina.

Natasha alisoma katika universite ya Georgia, kisha Hollins, fasi ambapo baba yake alifundisha, kisha Massachusetts. Kitabu chake cha kwanza, "Domestic Work", kilitoka mwaka 2000. Kilisema juu ya watu wa kazi za mikono, na zaidi juu ya nyanya yake, aliyefanya kazi katika nyumba za wengine na kushona nguo. Rita Dove, mwanamke wa kwanza mweusi kupewa cheo cha mtunga-mashairi wa taifa la Marekani, ndiye aliyekichagua mwaka 1999 kwa zawadi ya Cave Canem, zawadi ya waandishi weusi. Kitabu cha pili kikafuata mwaka 2002. Lakini tuviache hivyo, tufike kwenye kile cha tatu, kwani ndicho kilichotufanya tuandike ukurasa huu.

Mbele ya pwani ya Gulfport, mwendo wa kilomita karibu 20 baharini, kuko kisiwa kinachoitwa Ship Island. Watu wa mji wanakwenda huko kwa mashua siku za kupumzika, wanaogelea, wanatembelea ngome ya zamani ya matofali. Natasha alikwenda mara nyingi tangu utoto. Penye mlango wa ngome kuna kibao cha shaba chenye majina ya askari wa kusini waliofungwa kisiwani wakati wa vita na kufia pale. Kiliwekwa na chama cha wanawake, mabinti wa wale wa kusini. Siku moja, Natasha akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, alikuwa anakula na nyanya yake katika restora mjini Gulfport, akimsimulia juu ya kisiwa. Mwanamke mmoja wa meza ya karibu alisikia, akainama akamwambia: kuko jambo lingine unalopaswa kujua. Wale wafungwa, waliowalinda walikuwa askari weusi.

Kumbe ilikuwa kweli. Katika mji wa New Orleans, mwaka 1862, jeshi la kaskazini lilipokea vikosi vya watu weusi vinavyoitwa Louisiana Native Guards, yaani Walinzi Wazalia wa Louisiana. Vilikuwa kati ya vikosi vya kwanza vya weusi katika vita ile. Ndani yao kulikuwa watu huru na watu waliotoka utumwani jana tu. Kikosi cha pili kilitumwa Ship Island mwezi wa Januari 1863. Askari mweusi alihesabiwa dola 10 kwa mwezi, na katika hizo wanakata 3 za nguo, zinabaki 7. Askari mzungu alipata 13, bila kukatwa. Sheria ya kuwalinganisha ilikuja mwaka 1864. Tarehe 9 Aprili 1863, sehemu ya kikosi ilivuka bahari ikapigana na adui katika mji mdogo wa Pascagoula, wakapigana vizuri. Walipokuwa wanarudi nyuma, meli ya vita ya upande wao wenyewe ilipiga mzinga, ukaangukia kati yao, ukaua. Watu wa namna hiyo ndio walioishi na kufa kwenye kisiwa kile, na Natasha Trethewey, mzaliwa wa pwani ile, aliyesoma historia ya jimbo lake shuleni, alikuwa hajasikia hata neno moja. Wenye kuongoza wageni kisiwani hawakusema. Kibao hakikusema.

Akaanza kutafuta: vitabu vya historia, barua, madaftari ya wakati wa vita. Ikamchukua miaka. Mwaka 2006 kitabu kikatoka, "Native Guard". Mwaka 2007 kilipewa zawadi ya Pulitzer, ambayo kwa Wamarekani ni zawadi kubwa kwa mtunga-mashairi.

Shairi lililokipa kitabu jina lake ni mashairi kumi yaliyofungwa pamoja, kila moja lina mistari 14 bila vina, na kila moja lina tarehe yake, kuanzia mwisho wa mwaka 1862 mpaka 1865. Mwenye kusema ni askari mmoja mweusi wa kisiwa kile, aliyekuwa mtumwa, lakini anajua kusoma na kuandika. Mukumbuke kwamba katika majimbo mengi ya kusini kufundisha mtumwa kusoma ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Sasa yuko mlinzi, na wafungwa wake ni wazungu, na kati yao kuna wasiojua kuandika. Yeye ndiye anayewaandikia barua kwa wake zao. Hebu tusimame hapa kidogo. Mtu aliyekatazwa alfabeti ndiye anayeshika kalamu, na yule aliyekuwa na sheria upande wake anatia alama ya msalaba chini ya barua kwa sababu hawezi kuandika jina lake. Shairi halicheki juu ya wale wafungwa, halitukani. Askari anawaandikia, naye anakuwa mwenye kutunza habari za pande mbili.

Na daftari lake? Amelipata katika nyumba ya mzungu aliyekimbia. Limekwisha kujaa maandishi ya mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo askari anageuza ukurasa na kuandika juu ya maandishi yale, kwa kupingana, mistari ya wino inakatana kama wavu. Watu wa wakati ule waliandika hivyo kweli, kwa sababu karatasi ilikuwa taabu kupata. Lakini muone picha ile: ukurasa mmoja, habari mbili, moja juu ya nyingine, na hakuna inayofuta mwenzake. Mwenye kusoma inampasa kugeuza daftari. Sisi tuliposoma maelezo hayo tulielewa kitabu kizima. Trethewey hasemi tubomoe kila kitu cha zamani tuandike kingine. Anasema kwamba kuna maandishi ya pili, na kwamba ukurasa ulikuwa daima na nafasi yake.

Tena, mstari wa mwisho wa kila shairi unarudi, umegeuzwa kidogo, na kuwa mwanzo wa shairi linalofuata. Watunga-mashairi wa Waswahili wa pwani wanaijua namna hiyo, wanaiita pindu ao mkufu, pale ambapo mwisho wa ubeti unaanza ubeti mwingine. Mkufu ni mnyororo, na juu ya askari aliyevaa minyororo zamani neno lile linafaa kabisa, ijapo Trethewey hakulitoa kwa Waswahili.

Kuko watakaouliza: huyu mwanamke ana ruhusa gani ya kusema kwa kinywa cha askari aliyekufa? Yule askari hakuwako, amemtunga. Ni ulizo la haki, na tulibishana juu yake. Mmoja wetu alisema kwamba ni uongo tu wenye maneno mazuri. Jibu letu ni kwamba Trethewey hafichi. Nyuma ya kitabu ameweka maelezo, ameonyesha ni vitabu gani vya historia vilivyompa habari, msomaji anaweza kwenda kuangalia. Vikosi ni vya kweli, kisiwa ni cha kweli, risasi ni za kweli. Kile alichotunga ni sauti, kwa sababu sauti ndiyo iliyokosekana. Mwanahistoria akikosa karatasi, anapaswa kusimama. Mtunga-mashairi anaweza kusonga hatua moja mbele, akiwa anatuambia kwamba ni hatua yake.

Katika kitabu hicho kuna shairi moja ambalo lingepaswa kusomwa katika kila darasa la historia. Linaitwa "Southern History". Ni mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwalimu anafundisha kwamba watumwa walikuwa na maisha mazuri, wenye kula na kuvaa na kutunzwa, na ndivyo kitabu cha shule kinavyosema pia. Kisha anawaonyesha filamu ya "Gone with the Wind" kama vile ni ushuhuda wa kweli. Mwanafunzi mweusi yuko pale, anajua kwamba si kweli, mwili wake wenyewe ni ushuhuda. Na ananyamaza. Darasa zima linanyamaza. Shairi halimlaumu mwalimu peke yake. Linaweka ule ukimya wa mwanafunzi pia kwenye mizani. Tunafikiri kwamba hapo ndipo jina la kitabu linapopata maana ya pili. Kuna walinzi wa Ship Island, na kuna mzaliwa wa Mississippi ambaye ni lazima achague ni nini atakayoilinda: uongo wa darasani, ao kumbukumbu ya watu wake.

Na mama? Sehemu ya kwanza ya kitabu ni juu yake. Kuna shairi moja, "Myth", lenye kusema juu ya mtoto anayemwona mama katika ndoto, na akiamka mama amepotea tena. Mistari inakwenda mpaka katikati, kisha inarudi nyuma mmoja mmoja, wa mwisho unakuwa wa kwanza, mpaka tumefika tulipoanzia. Kwenda usingizini, kurudi. Hakuna neno jipya katika nusu ya pili, na hata hivyo inaumiza zaidi kuliko ya kwanza. Trethewey amesema kwamba alianza kutafuta habari za askari wasio na jiwe bila kufahamu kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajaweka jiwe kwa mama yake. Mambo mawili yalikuwa jambo moja. Ndiyo sababu yako pamoja katika kitabu kimoja, na kitabu kimetolewa kwa mama, kwa kumbukumbu lake.

Baada ya zawadi ile, vyeo vilikuja. Kuanzia mwaka 2012 mpaka 2014 alikuwa mtunga-mashairi wa taifa, cheo kinachotolewa na mkubwa wa maktaba ya taifa kule Washington. Mwaka ule ule wa 2012 Mississippi pia ilimpa cheo cha mtunga-mashairi wa jimbo, yaani jimbo ambamo ndoa ya wazazi wake ilikuwa kosa. Amefundisha katika universite ya Emory mjini Atlanta, na tangu 2017 Northwestern, karibu na Chicago. Ametunga pia "Thrall", mwaka 2012, kinachosema sana juu yake na baba yake mzungu, jinsi watu wawili wanaweza kupendana na bado historia ikakaa kati yao. Na "Beyond Katrina", mwaka 2010, juu ya pwani yake iliyovunjwa na tufani ya tarehe 29 Agosti 2005. Havituhusu sana leo, lakini mwenye kuvipata avisome.

Turudi mwaka ule wa 2005. Trethewey alikuwa amerudi kukaa Atlanta kwa kazi, mji ambao alikuwa ameapa hatarudi. Jioni moja akiwa katika restora pamoja na mume wake, mwanaume mmoja alikuja kwenye meza yao. Alikuwa polisi wa kwanza aliyefika nyumbani kwa mama asubuhi ile ya 1985. Hakuwa amesahau. Akamwambia kwamba miaka 20 imetimia, na kwa kawaida faili za tribinali zinaharibiwa baada ya muda ule. Kama anataka, atamletea faili ya mama yake mbele haijaharibiwa. Alimletea.

Ndani kulikuwa na maandishi ya simu ambazo yule mtu alimpigia mama siku za mwisho, neno kwa neno, na mama akijibu polepole, kwa akili, akitafuta kuokoa maisha yake. Na kulikuwa na karatasi za manjano 12, zilizoandikwa kwa mkono wa mama mwenyewe, ambazo polisi walizikuta katika mkoba wake. Alikuwa ameanza kuandika habari zake: namna alivyopigwa, namna alivyotoka, namna alivyopanga kuishi.

Trethewey alikaa na faili ile miaka mingi. Kitabu kilichotokana nayo si mashairi, ni masimulizi, kinaitwa "Memorial Drive", na kilitoka mwaka 2020. Katikati ya kitabu binti ananyamaza kidogo, anampisha mama. Maandishi ya simu yako pale. Na karatasi zile za manjano ziko pale, kwa maneno ya Gwendolyn Ann Turnbough.